Mgeni Siku ya Tatu Mpe Jembe: Historia ya Wanafunzi wa Ng'ambo na Miamba ya Matumbawe

Kila muhula vyuo vikuu vya Marekani, Ulaya na Australia huwatangazia wanafunzi wao nafasi za kusoma ng'ambo katika visiwa vya tropiki. Asubuhi ni darasani, mchana ni chini ya maji, jioni ni maabara. Mwanafunzi hurejea kwao akiwa na alama za masomo, cheti cha kupiga mbizi za kisayansi na, mara nyingi, mada ya tasnifu. Mipango ya namna hii imekuwa sehemu ya kawaida kabisa ya elimu ya biolojia ya bahari, kiasi kwamba ni wachache wanaouliza ilianzaje, ililipiwa na nani, na wenyeji wa visiwa hivyo walibaki na nini.

Swali hilo linatuhusu. Matumbawe yanayojenga miamba huishi katika maji ya joto, yaani sehemu kubwa katika nchi zilizotawaliwa. Ilhali fedha, meli na maabara za kuyachunguza zilikuwa katika nchi zilizotawala. Kwa hiyo elimu ya matumbawe, tangu ukurasa wake wa kwanza, iliandikwa na wageni. Kuwa mgeni si kosa. Wahenga wetu hawakumfukuza mgeni. Walimkirimu siku mbili, na siku ya tatu wakampa jembe. Katika makala haya ninafuatilia historia ya mgeni huyu anayekuja na barakoa na mtungi wa hewa, ili tuone ni wapi alipewa jembe, wapi aliachwa ale na kuondoka, na tofauti iliyotokea.

Swali la Darwin

Charles Darwin alisafiri na meli ya Beagle kuanzia 1831 hadi 1836. Mwenyewe alieleza baadaye kwamba nadharia yake juu ya miamba ya matumbawe aliifikiria akiwa katika pwani ya magharibi ya Amerika ya Kusini, kabla hajauona mwamba wa kweli kwa macho yake. Aliichapisha katika kitabu mwaka 1842. Hoja yake ilikuwa nyepesi kuieleza na ngumu kuithibitisha: mlima wa volkano huzama polepole baharini, na matumbawe yaliyouzunguka huendelea kujijenga kwenda juu yakiufuata mwanga, hata mlima unapotoweka hubaki pete ya mwamba yenye maji katikati.

Kuthibitisha hoja hiyo kulihitaji kutoboa. Kati ya 1896 na 1898 Jumuiya ya Kifalme ya Uingereza ilipeleka misafara mitatu katika kisiwa cha Funafuti, ambacho leo ni sehemu ya nchi ya Tuvalu. Msafara wa kwanza ulichukuliwa na manowari ya Kiingereza. Wachimbaji walifika kina cha takriban mita 340 na bado walikuwa ndani ya chokaa; mlima hawakuuona. Funafuti ilikuwa chini ya himaya ya Uingereza tangu 1892. Sayansi ilisafiri katika meli ileile iliyobeba bendera.

Wakati huohuo mbinu nyingine ilikuwa inaanza, yenye gharama ndogo na umri mrefu zaidi. Mmarekani Alfred Mayor, aliyeongoza maabara ya Taasisi ya Carnegie katika visiwa vya Dry Tortugas huko Florida, alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba matumbawe huishi karibu mno na kikomo cha joto linaloweza kuyaua. Mwaka 1917 alikwenda Samoa ya Marekani, akanyoosha mstari juu ya mwamba wa Aua katika bandari ya Pago Pago, na kuhesabu matumbawe katika miraba iliyopangwa kufuata mstari huo. Wengine walirudi kuupima tena na tena, nao ni miongoni mwa mistari ya kale zaidi duniani inayoendelea kupimwa. Mwanafunzi wa leo anayenyoosha utepe wa kupimia juu ya mwamba anafanya kazi ileile ya Mayor. Kilichobadilika zaidi ni vifaa.

Low Isles, 1928

Kama kuna msafara mmoja unaostahili kuitwa mzazi wa mipango yote ya leo, ni ule wa Great Barrier Reef. Mwezi Julai 1928 kundi la wanasayansi kutoka Uingereza lilipiga kambi katika Low Isles, visiwa vidogo mbele ya mji wa Port Douglas, Queensland, na kukaa hapo takriban mwaka mzima. Kiongozi wake, Maurice Yonge, alikuwa na umri wa miaka 28. Wengi wa wenzake walikuwa vijana kama yeye, na, jambo la nadra kwa zama zile, wanawake kadhaa walikuwamo wakiwa wanasayansi kamili: Sheina Marshall, Sidnie Manton, Elizabeth Fraser na Anne Stephenson. Mke wa Yonge, Mattie, ndiye aliyekuwa daktari wa kambi.

Ubora wa msafara huo ulikuwa katika kukaa. Wale waliotangulia walipita, wakakusanya vielelezo na kuvipeleka makumbusho. Hawa walikaa misimu yote, wakapima maji wiki baada ya wiki, wakafuatilia chakula cha matumbawe, ukuaji wake na uzazi wake. Walikuwa na kofia ya chuma ya kupigia mbizi iliyopelekewa hewa kwa pampu, iliyomwezesha mtu kusimama chini ya maji na kutazama mwamba ukiwa hai badala ya kuungoja maji yakipwa.

Moja ya matokeo yao linatusumbua hadi leo. Mwaka 1931 Yonge na mwenzake wa Australia, Aubrey Nicholls, walichapisha maelezo ya jinsi tumbawe linavyowatoa nje mwani wadogo wanaoishi ndani ya mwili wake linapopata joto kupita kiasi. Hiki ndicho tunachokiita leo kupauka kwa matumbawe. Yonge alikosea katika jambo jirani: aliamini kwamba mwani hao hawamlishi mwenyeji wao, bali humsaidia tu kuondoa taka. Wachunguzi waliofuata walipindua rai hiyo. Hata hivyo, msingi wa kuelewa maafa ya karne yetu ulikwisha kuwekwa kisiwani hapo, karibu miaka 70 kabla ya maafa ya 1998.

Picha za kambi ile zina watu ambao majina yao hayamo kwenye ripoti za kisayansi. Upishi, usafi na kazi za mashua zilifanywa na Waaborijini waliochukuliwa kutoka misheni ya Yarrabah. Hawa ni watu ambao jamii zao zilivua na kusafiri katika maji hayo kwa vizazi na vizazi, na sasa walikuwa wanapika chai ya watu waliokuja kujifunza juu ya maji hayohayo. Kwa mizani ya wakati ule hakuna aliyeona ajabu. Kwa mizani yetu, hapo ndipo tunapouona mgawanyo wa kazi uliodumu: mgeni anafikiri, mwenyeji anapiga kasia.

Lakini historia ya Queensland haikuishia hapo. Tangu 1922 kulikuwa na Kamati ya Great Barrier Reef mjini Brisbane, iliyoundwa na Waaustralia wenyewe, na ndiyo iliyosukuma msafara wa Waingereza uje. Kamati hiyohiyo ilianzisha kituo cha utafiti katika kisiwa cha Heron mwaka 1951, kituo ambacho leo ni cha Chuo Kikuu cha Queensland. Chuo Kikuu cha James Cook kilipata hadhi kamili mwaka 1970, Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Australia ikaanzishwa 1972, na mamlaka ya hifadhi ya mwamba mzima ikaundwa kwa sheria ya 1975. Katika muda wa nusu karne, nchi iliyokuwa shamba la utafiti wa wengine ilikuwa na shamba, jembe na ghala lake. Wageni bado wanakwenda Heron kwa mamia, ila wanakwenda kwa kibali na masharti ya wenye nyumba. Tusisahau kwamba "wenye nyumba" hapa ni walowezi. Wenyeji wa asili wa mwamba ule walisubiri miongo mingi zaidi kabla ya kuitwa mezani.

Matumbawe chini ya wingu la atomiki

Mwisho wa swali la Darwin ulipatikana mahali pa huzuni. Baada ya Vita Kuu ya Pili Marekani ilizifanya Bikini na Enewetak, katika Visiwa vya Marshall, kuwa viwanja vya majaribio ya silaha za nyuklia. Kati ya 1946 na 1958 mabomu 67 yalilipuliwa katika visiwa hivyo. Wakazi wa Enewetak walihamishwa mwaka 1947, wasirejee hadi 1980. Katika mazingira hayo, wanajiolojia walitoboa mwamba wa Enewetak mwaka 1952 na, baada ya zaidi ya mita 1,200 za chokaa, wakagonga jiwe la volkano. Darwin alikuwa sahihi.

Miaka miwili baadaye ndugu wawili, Howard na Eugene Odum, walikwenda hukohuko kwa fedha za Tume ya Nishati ya Atomiki ya Marekani. Makala yao ya 1955 yakawa miongoni mwa nguzo za ekolojia ya kisasa: walionyesha jinsi mwamba unavyozalisha chakula kingi katika bahari iliyo maskini wa virutubisho. Kazi yao ni nzuri, na kila mwanafunzi wa ekolojia anapaswa kuisoma. Anapoisoma ajue pia kwamba nafasi ya kuifanya ilipatikana kwa sababu watu waliondolewa makwao. Elimu inaweza kuwa ya kweli na mlango wake ukawa wa dhuluma. Mambo hayo mawili hayafutani.

Mtungi wa hewa na kanuni zake

Mwaka 1943 Wafaransa Jacques-Yves Cousteau na Émile Gagnan walitengeneza kifaa kinachompa mpiga mbizi hewa kutoka mtungini kwa kiasi anachokihitaji na kwa shinikizo la kina alichopo. Mtu akawa huru, bila bomba la kwenda juu. Kwa sayansi ya matumbawe haya yalikuwa mapinduzi, kwani sehemu kubwa ya mwamba iko chini ya pale ambapo mtu anayeshika pumzi anaweza kufanya kazi ya maana.

Uhuru huo una bei yake. Kila mita 10 za maji huongeza shinikizo linalolingana na lile la anga yote iliyo juu yetu. Nitrojeni huyeyuka zaidi mwilini, na anayepanda haraka huiona ikigeuka mapovu katika viungo na mishipa. Kwa sababu hiyo Taasisi ya Scripps ya California ilianza miaka ya mwanzo ya 1950 kuwafundisha watafiti wake kwa utaratibu maalumu, chini ya Conrad Limbaugh. Limbaugh mwenyewe, mzoefu kuliko wengi, alifariki mwaka 1960 katika pango la chini ya maji huko Ufaransa. Bahari haina upendeleo.

Miaka ya 1970 serikali ya Marekani ilitunga kanuni za usalama kwa wapiga mbizi wa kibiashara, wale wanaochomelea vyuma na kufunga mabomba chini ya bahari. Vyuo vilipinga kuwekwa katika kapu hilo. Mwaka 1977 viliunda chama chao, Chuo cha Sayansi za Chini ya Maji cha Marekani, kinachojulikana kwa kifupi AAUS, na mwaka 1982 vikapata msamaha wa kisheria. Msamaha huo ulikuja na sharti la kujisimamia: kila taasisi iwe na mwongozo wa usalama na bodi ya kusimamia mbizi ambayo wengi wa wajumbe wake ni wanasayansi wanaozama wenyewe. Kwa desturi ya AAUS, mafunzo kamili yalihesabiwa kuwa ya saa 100 za nadharia na vitendo.

Katika mwongozo uliotolewa mwaka 1985 kufafanua nani hasa ni mpiga mbizi wa kisayansi kuna jambo ambalo wasomaji wangu, hasa watumishi wa umma, wanapaswa kulishika. Kazi yake ni kutazama na kukusanya taarifa. Lengo lake ni kuendeleza sayansi. Na kwa hiyo taarifa anazozipata si mali ya siri ya mtu. Kwa maneno mengine, sheria ya nchi ya mgeni mwenyewe inampa nafuu kwa sababu matokeo yake ni ya wote. Tutairudia hoja hii.

Jamaika: mwamba uliokufa ukitazamwa

Sasa twende kwenye ghuba ya Discovery Bay, pwani ya kaskazini ya Jamaika, kwani pengine hakuna mahali penye somo kali zaidi. Mwaka 1951 Thomas Goreau alijiunga na chuo kikuu kichanga cha West Indies, kilichofunguliwa Mona, Kingston, miaka mitatu kabla. Yeye na mke wake Nora, mzaliwa wa Panama, walitumia kalisi yenye mnururisho kupima kasi ya tumbawe kujenga mfupa wake, wakaonyesha kwamba kasi hiyo hupanda sana kwenye mwanga. Matokeo yao ya 1959 yalithibitisha kwamba mwani waliomo ndani ya tumbawe ni washirika wa ujenzi. Goreau alipiga mbizi kwenye kuta za mwamba ambazo hakuna aliyezichunguza kabla yake, na pamoja na Willard Hartman wa Yale alieleza sponji zenye mifupa ya mawe ambazo wengi walidhani ni mambo ya visukuku tu.

Mwaka 1965, miaka mitatu baada ya uhuru wa Jamaika, kituo cha Discovery Bay kilianza kazi. Goreau alifariki 1970 akiwa bado na nguvu za ujana wa kitaaluma, lakini kituo kilibaki, nacho kikawa Makka ya wanafunzi wa matumbawe kutoka Marekani Kaskazini na Ulaya. Kilikuwa na mitungi, mashua, na baadaye chemba ya mgandamizo ya kutibu wapiga mbizi waliougua. Takriban kila jina kubwa la fani hii kwa miaka 30 lilipita hapo.

Kisha maafa yakaja kwa mfululizo. Agosti 1980 kimbunga Allen kilivunja matumbawe ya matawi katika maji ya kina kifupi. Mwaka 1983 ugonjwa usiojulikana ulienea Karibi nzima na kuua zaidi ya asilimia 90 ya yule mnyama wa duara mwenye miiba mirefu myeusi kama sindano, ambaye kazi yake mwambani ni kula mwani. Samaki wangeweza kushika zamu hiyo, hasa pono na jamaa zake, lakini samaki hawakuwapo. Utafiti wa uvuvi ulikuwa umekwisha kuonyesha kwamba kufikia mwisho wa miaka ya 1960 wingi wa samaki katika miamba ya kaskazini ya Jamaika ulikuwa umepungua kwa hadi asilimia 80. Wavuvi maskini waliotumia mitego ya kikapu, inayofanana na dema la kwetu, walikuwa wanavua samaki wadogo kwa sababu wakubwa walikwisha kwisha.

Mwani ukatawala. Terry Hughes, Mwairishi aliyechunguza mwamba huo tangu masomo yake ya uzamivu, alichapisha hesabu mwaka 1994: sehemu ya mwamba iliyofunikwa na matumbawe hai ilishuka kutoka asilimia 52 mwaka 1977 hadi asilimia 3 mwaka 1993, na mwani ukapanda kutoka asilimia 4 hadi 92. Makala hayo ni miongoni mwa yanayotajwa sana katika ekolojia ya bahari.

Tuitafakari picha hii. Mwamba uliokuwa ukichunguzwa kuliko karibu mwamba wowote duniani ulikufa mbele ya macho ya wachunguzi wake. Elimu haikukosekana. Hatari ya uvuvi wa kupita kiasi ilijulikana, imepimwa na kuchapishwa. Kilichokosekana ni njia ya kutoka kwenye jarida hadi kwa mvuvi na kwa waziri. Wageni wengi walikuwa na muhula mmoja, swali moja, tasnifu moja. Serikali ya Jamaika, iliyobanwa na madeni, haikuwa na uwezo wa kuwapa wavuvi riziki mbadala. Si haki kumlaumu mwanafunzi aliyekuja kupima ukuaji wa tumbawe kwa kutorekebisha uchumi wa Jamaika. Ni haki kuuliza kwa nini hakuna aliyeona kuwa kazi hizo mbili zina uhusiano.

Na tuseme pia upande wa pili: bila wageni wale, kifo cha mwamba kingepita bila hesabu. Tunajua mwani ulishindaje, kwa kasi gani na kwa sababu zipi, kwa kuwa watu walirudi mahali palepale mwaka baada ya mwaka na utepe uleule. Kwetu sisi tulio upande wa pili wa dunia, hiyo ni hazina.

Pwani yetu

Katika Afrika Mashariki wageni nao walikuja. Kenya ilitangaza hifadhi za bahari za Malindi na Watamu mwaka 1968, miongoni mwa za kwanza barani. Tanzania ilikuwa na janga lake: uvuvi wa baruti, unaogeuza kwa sekunde moja kuwa kifusi kile kilichojengwa kwa karne. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha Taasisi ya Sayansi za Bahari Zanzibar mwaka 1978, lakini wataalamu walikuwa wachache na vifaa haba.

Mwaka 1989 mpango wa Frontier Tanzania ulianza, kwa ushirikiano wa shirika la Kiingereza na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Vijana wa kujitolea, wengi wao wanafunzi au wahitimu wapya waliojilipia gharama, walipelekwa Mafia, wakafundishwa kupiga mbizi na kutambua viumbe, kisha wakapewa tepe na vibao vya kuandikia. Mmoja mmoja hawakuwa wataalamu. Kwa pamoja, kwa miaka kadhaa, walikusanya picha ya miamba ya Mafia ambayo haikuwapo kabla. Taarifa hizo zilisaidia kuandaa hifadhi. Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ilipitishwa 1994, na mwaka 1995 Mafia ikawa hifadhi ya bahari ya kwanza Tanzania.

Hapa mgeni alishika jembe, kwa maana ya kwamba kazi yake iliingia katika uamuzi wa nchi. Lakini kitabu cha mwanaanthropolojia Christine Walley kilichotolewa 2004, kinachohusu hasa kisiwa cha Chole, kinaonyesha upande mwingine: wakazi walioipokea hifadhi kama kinga dhidi ya baruti walijikuta wakishindania sauti na maofisa na mashirika ndani ya jambo waliloambiwa kuwa ni lao. Mtu anaweza kuhesabiwa samaki wake wote na bado asiulizwe anataka nini.

Mwaka 1998 bahari ya Hindi ilipata joto lisilo la kawaida, na matumbawe yakapauka na kufa kwa wingi kutoka Maldivi na Shelisheli hadi pwani ya Kenya na Tanzania. Pigo hilo lilikuta kitu ambacho Jamaika ya 1983 haikuwa nacho kwa kiasi hicho: mtandao wa wanasayansi wa kanda. Jumuiya ya wanasayansi wa bahari wa magharibi ya Bahari ya Hindi, WIOMSA, ilikuwa imeundwa 1993 na ina makao yake Zanzibar. Baada ya 1998 ukaanzishwa mpango wa CORDIO kufuatilia miamba iliyoumia, na tawi lake la Mombasa likaongozwa na Mkenya David Obura, aliyesomea shahada zake Marekani. Mwaka 2023 Obura alichaguliwa kuwa mwenyekiti wa jukwaa la kimataifa la bioanuwai, IPBES. Naye alikuwa mwanafunzi wa ng'ambo, ila alikwenda upande wa pili wa njia, na alirudi.

Jembe lenyewe ni lipi?

Kiswahili kimeipa shahada ya juu kabisa jina la uzamivu, kwa kuwa msomi huzama katika elimu. Lugha hiyohiyo, mitaani, humwita mzamiaji kijana anayejificha melini ili afike Ulaya bila karatasi. Maneno mawili ya shina moja yanasimulia hali yetu. Mwanafunzi wa ng'ambo huja kwetu kwa viza, bima na cheti, azame katika maji yetu. Kijana wa kwetu, aliyekulia kando ya maji hayo, anayezama kwa pumzi moja kumtafuta pweza na jongoo bahari, hana cheti cha kumruhusu kupanda mashua ya utafiti isipokuwa kama nahodha au mbeba mitungi. Mgawanyo wa Low Isles bado uko nasi.

Si hisia tu. Uchambuzi wa makala za kisayansi uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba katika tafiti za matumbawe zilizofanyika Indonesia na Ufilipino, asilimia 40 hazikuwa na mwanasayansi hata mmoja wa nchi husika, mara mbili ya kiwango cha Australia. Nchi mbili zilizo katikati kabisa ya utajiri wa matumbawe duniani zinaandikwa bila mkono wao.

Tanzania ina Tume ya Sayansi na Teknolojia, na Kenya ina NACOSTI. Hakuna mgeni anayepaswa kufanya utafiti bila kibali. Kibali kisiwe risiti tu ya malipo. Ofisa anayekipitia angeweza kuuliza mambo manne. Je, katika kila jozi ya wapiga mbizi, yumo mwanafunzi mwenyeji, na mpango umelipia mafunzo na cheti chake? Je, nakala ya takwimu ghafi itabaki nchini, katika taasisi iliyotajwa kwa jina, kwa kuwa kanuni zao wenyewe zinasema taarifa hizo si siri? Je, kutakuwa na muhtasari wa Kiswahili utakaosomwa mbele ya kamati ya wavuvi wa kijiji kabla ya mgeni kupanda ndege? Na je, mistari iliyopimwa itawekewa alama ili atakayekuja mwakani apime palepale, au kila kundi litaanza upya kama vile bahari ilizaliwa siku walipofika?

Watasema masharti yatawafukuza wageni na fedha zao. Australia ina masharti mengi kuliko sisi, na bado wanafunzi wa dunia nzima wanajipanga kwenda Heron. Mgeni wa kweli hakimbii jembe. Anayekimbia alikuja kula.

Kwa upande wetu pia kuna deni. Hatuwezi kudai mwanafunzi mwenyeji katika kila jozi ikiwa idara zetu zinahitimisha wanabiolojia wa bahari ambao hawajawahi kuweka uso majini, au ikiwa binti wa pwani anaambiwa tangu utotoni kwamba kuogelea si kazi yake. Mtungi, barakoa na mapezi ni vifaa vya maabara sawasawa na hadubini, na vinastahili fungu katika bajeti ya chuo. Mwalimu wa kuogelea anastahili fungu kabla yao. Wanafunzi, ulizeni idara zenu fungu hilo liko wapi. Wanaharakati, msiishie kwenye baruti. Dai la elimu nalo ni dai la haki. Na watumishi wa umma, maombi ya vibali vya msimu ujao wa kaskazi, maji yanapokuwa meupe na wageni wanapopenda kuja, yatafika mezani kwenu. Yasomeni mkiwa na Discovery Bay akilini.